Bandeji Isiyofunika Kidonda

Saa saba usiku, na taa ya korido sijaizima. Nimemaliza kutazama Saw X, filamu ya kumi ya mfululizo ule wa mitego, iliyotoka 2023. Nilikuwa naikwepa, maana zile za katikati zilinichosha: damu tele, mtu hakuna. Kama hujaiona ishia hapa, namwaga mtama wote.

Kilichoninyima usingizi si mitego. Upo msumeno wa waya, upo na mguu, nami nilichungulia kwa katikati ya vidole, hayo niliyatarajia. Ni bandeji. John Kramer, yule muuaji mtega mitego, ana saratani ya ubongo na amepewa miezi tu ya kuishi. Amefunga safari hadi Mexico, akalazwa kwenye chumba cha upasuaji, akaamka akaambiwa uvimbe umetolewa. Siku chache baadaye anaifungua bandeji kichwani, mzunguko kwa mzunguko, na chini yake hakuna mshono wala mkwaruzo. Ngozi nzima kabisa. Vidonda vya kwenye filamu nimevizoea. Ngozi nzima haikuwahi kunitisha hadi leo.

Na walivyomnasa! Anayemwelekeza kule si daktari, ni mgonjwa mwenzake wa kikundi chao, anayedai naye alikuwa wa kufa akapona. Kisha anakuja Cecilia, sauti ya upole, anayejitambulisha kuwa binti wa daktari wa Norwei ambaye kampuni za dawa zinampiga vita. Ukiuliza mbona kliniki imejificha, jibu unalo tayari.

Haya hayakutungwa hewani. Steve McQueen, mwigizaji, saratani yake iliposhindikana kwao Marekani alivuka mpaka kwenda kutafuta tiba Mexico. Alifia Ciudad Juárez Novemba 1980. Miongoni mwa walivyompa ilikuwamo dawa ya kokwa za aprikoti. Baadaye dawa hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 178, na matokeo yakachapishwa 1982: hakuna aliyepona, na baadhi walionyesha dalili za sumu ya sianidi.

Shangazi yangu, mwaka wake wa mwisho, alikuwa na daftari. Saa za kunywa dawa aliziandika kwa kalamu nyekundu, matone mangapi, kabla au baada ya kula. Aliyemuuzia alikuwa akimpigia kila jioni kumjulia hali, anamwita mama. Sisi wa damu yake tulipiga siku tulizokumbuka. Alipofariki, chupa mbili zilikuwa bado na lakiri. Ndiyo maana Kramer aliporudi kule na zawadi ya shukrani mkononi, akakuta jengo tupu, ilinibidi nisimamishe filamu nikanywe maji.

Baada ya hapo nilimtaka aue. Nasema ukweli. Huyu ni muuaji, tunamjua tangu filamu ya kwanza ya 2004, nami nimekaa kwenye kochi namshangilia kama mchezaji wa timu yangu. Tobin Bell, anayemwigiza, ana sehemu yake ya lawama, kwa yale macho ya mzee aliyechoka. (Hadithi inarudi nyuma hadi kati ya filamu ya kwanza na ya pili, yeye alishatimiza miaka 81. Tufumbe macho.) Lakini mwongozaji, Kevin Greutert, naye ametucheza. Cecilia amezidishiwa uovu hadi anageuza utumbo wa mwenzake aliyekufa kuwa kamba, kisha analetwa mtoto hatarini, na ghafla mtega mitego anaonekana mtakatifu. Ni njia ya mkato. Gabriela ndiye aliyenikwaza: msichana mraibu aliyepewa kazi ya kujifanya mgonjwa aliyepona. Amanda, mwanafunzi wa Kramer, anamwonea huruma kwa kuwa naye alipitia huko. Gabriela anaponda mkono na mguu wake mwenyewe kwa nyundo, anaushinda mtego, halafu Cecilia anamvunja shingo. Hapo shangwe zangu zilikatika.

Daftari la shangazi liko kwenye droo ya chini. Nimelitoa. Kuna namba aliyoizungushia duara mara mbili, na pembeni ameandika "mwanangu". Nimeiingiza kwenye simu hadi tarakimu ya mwisho, nikaiangalia, nikaifuta moja moja.