Michel Leclercq hakuanzia sifuri

Jana niko Englos, nje kidogo ya mji wa Lille, Ufaransa, nasaka raba za mbio. Kumbe hapa ndipo Decathlon, yale maduka ya vifaa vya michezo, ilipoanzia, mwaka 1976! Mwanzilishi, Michel Leclercq, alikuwa amefanya kazi Auchan, supamaketi za binamu yake Gérard Mulliez. Kwa hiyo wale wa "alianza bila kitu" tulieni kidogo, ukoo mzima ni wa maduka.

Ila wazo nampa heko: baiskeli, mipira, mahema, vyote chini ya paa moja, mteja anajihudumia. Mwaka 1986 wakaanza kutengeneza bidhaa zao wenyewe. Lile hema la Quechua unalolirusha hewani likatua limeshajifungua? Ni lao. Kulikunja sasa, hapo ndipo ndoa zinapopimwa 😂