Brussels bila Kifaransa: nilivyojipanga mimi wa Arusha

Vijana wa hapa Arusha wakipata udhamini wa kusoma Brussels huwa wananiambia kitu kimoja: chuo kinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo dada, lugha si tatizo. Darasani ni kweli. Shahada yangu ya uzamili niliisoma yote kwa Kiingereza na hakuna mwalimu aliyenisemesha Kifaransa. Lakini darasa ni saa chache. Saa zinazobaki uko kwa mwenye nyumba, manispaa, sokoni, duka la dawa, na huko Kiingereza ni bahati yako tu siku hiyo.

Kisheria Brussels ina lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi. Mitaani wengi wanaongea Kifaransa, ila kibao cha mtaa kina majina mawili, na stesheni kubwa ya Gare du Midi ndiyo hiyohiyo Zuidstation. Mgeni anaweza kudhani ni stesheni mbili. Jiji limegawanyika katika manispaa 19, kila moja na ofisi zake, na karani wa manispaa analazimika kukuhudumia kwa Kifaransa au Kiholanzi, unachotaka wewe. Kiingereza hakimo katika sharti hilo. Hata lugha ya kitambulisho chako unachagua kati ya hizo mbili, na barua za serikali zinakuja kwa uliyochagua. Nilichagua Kifaransa, na sababu yake inaanzia mtaa wa Kijenge, hapa Arusha.

Sisi tuliokulia Arusha wakati wa ile Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda, Kifaransa hatukukisikia redioni tu. Mahakama ilikaa pale AICC, jumba la mikutano ya kimataifa, mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015, ikafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, na watu wake walipanga nyumba mitaani kwetu. Wengi waliondoka. Mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa mkalimani alibaki, na barua yangu ya chuo ilipotoka nilimwendea. Hela alikataa, akakubali sukari na majani ya chai.

Nilitegemea sarufi. Akaniambia, "Mwanangu, kwa muda ulio nao Kifaransa hutakijua. Jifunze kupiga hodi kwa Kifaransa. Ukishakaribishwa ndani, omba lugha yako." Hodi yenyewe ilikuwa hii: "Bonjour madame. Excusez-moi, je parle un peu français. Est-ce qu'on peut parler anglais ?" Yaani: habari mama, samahani, naongea Kifaransa kidogo, tunaweza kuongea Kiingereza? Alinirudisha mwanzo kila nilipoikimbiza. Akasisitiza kwamba baada ya bonjour ninyamaze kidogo, nimwache mtu ajibu, ndipo niendelee.

Kingine alichonikazania ni namba. Tulikaa barazani kwake tukitazama barabara, na kila gari likipita nilitakiwa kusoma namba zake kwa Kifaransa kabla halijapotea konani. Wabelgiji wanasema septante kwa 70 na nonante kwa 90, kama Warundi, Wanyarwanda na Wakongo. Aliyejifunzia vitabu vya Ufaransa anafika Brussels na namba nyingine kichwani. Mtu akikutajia bei au namba ya simu haraka huna pa kujificha, kwa hiyo kama una wiki moja tu ya maandalizi, itumie kwa namba.

Ile hodi ilinifikisha mbali kuliko nilivyotarajia, na nadhani Mtanzania ana mtaji hapa bila kujua. Sisi hatuingii dukani tukaanza na "nipe". Tumelelewa kusalimu kwanza, hata kama nyuma yako kuna foleni. Kule nako ukiingia dukani, ukipanda basi au ukifika dirishani bila bonjour, unahesabiwa huna adabu. Darasani nilikuwa na wenzangu waliozaliwa na Kiingereza, wanakiongea kama maji, nao ndio walionung'unika kuliko wote kwamba watu wa Brussels ni wakavu. Niliwafuata dirishani nikaona. Wanaanza moja kwa moja na swali, kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu kidogo. Karani huyohuyo nikimsalimu kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, ananijibu, ananisikiliza nikihangaika kwa sentensi moja, halafu mwenyewe anahamia Kiingereza. Si wote. Wapo walioendelea na Kifaransa mwanzo mwisho, nami nikatoa daftari nikawaomba waniandikie.

Kujiandikisha manispaa ni ndani ya siku 8 za kazi tangu ufike. Baada ya hapo polisi wa mtaa anapita nyumbani kuhakikisha kweli unaishi pale, ndipo mambo ya kadi ya ukaazi yaendelee. Haji kukukamata, mtu wa kwetu usishtuke. La muhimu jina lako liwe kwenye kengele ya mlango na kwenye sanduku la barua, maana akikosa jina anaweza kuandika kwamba hukuonekana. Wangu alikuja asubuhi, nikamkaribisha kwa Kifaransa, nikamwonyesha pasipoti, akachungulia chumba, akaaga.

Simu ndiyo ilinishinda kwa muda mrefu. Uso kwa uso una mikono, karatasi, tabasamu. Kwenye simu unaambiwa bonyeza moja kwa Kifaransa, mbili kwa Kiholanzi, na hapo ndipo menyu inapoishia. Nilichofanya ni kuacha kupiga. Benki nilikwenda kwa miguu, bima ya afya nilikwenda kwa miguu, daktari niliomba miadi kwa barua pepe.

Barua nilizipiga picha kwa simu, programu ya tafsiri ikanisomea. Kwa mambo ya taka inatosha kabisa: mfuko mweupe ni wa taka za kawaida, njano karatasi, bluu chupa za plastiki na makopo, chungwa mabaki ya chakula, na kila mtaa una siku zake za kutoa. Kwa mkataba wa nyumba, usithubutu.

Mkataba wangu nilisomewa saluni. Matonge ni mtaa wa Waafrika ulioko Ixelles, karibu na Porte de Namur, umepewa jina la mtaa wa Kinshasa, na pembeni yake kuna uwanja wa Patrice Lumumba uliofunguliwa 30 Juni 2018, siku ya uhuru wa Kongo. Nilikwenda kusuka. Wasusi walikuwa wakiongea Kilingala, nami nimekaa kimya kama mgeni mwingine yeyote, mpaka simu yangu ikaita. Alikuwa mama yangu, anapiga kutoka nyumbani Sakina, Arusha. Nilipokata, mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akaniuliza, "Dada, unatokaka wapi?" Alikuwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo.

Kiswahili chake na changu havikuwa kimoja. Yeye alisema aksanti, akachanganya Kifaransa kila maneno matatu, na kuna mahali nilicheka yeye hajui nacheka nini. Lakini tulielewana vizuri kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikuwa na mtu wa kumuuliza kitu kirefu. Nikatoa mkataba kwenye begi. Alinipitisha kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili huku nikisukwa, na msusi naye akachangia kwa Kifaransa pale ulipotajwa muda wa kutoa taarifa ya kuhama. Yule mama wa Bukavu ndiye aliyenieleza kwamba hela ya dhamana inafungiwa benki kwenye akaunti yenye jina langu, na haifunguliwi mpaka mimi na mwenye nyumba tusaini wote wawili, au mahakama iamue. Akasema nipige picha kila ukuta kabla sijaweka sanduku chini. Tangu siku hiyo nilimwita Mama, naye akaniagizia sombe, yaani kisamvu, kila alipokwenda kununua.

Kwa hiyo ukiniuliza lugha gani ilinifaa zaidi Brussels baada ya ile hodi, nitasema Kiswahili, na sisemi kwa uzalendo. Watu wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura wapo, ila hawatajua wewe ni wa kwao kama umekaa na Kiingereza chako. Ongea na simu kwa sauti.

Ukitoka nje ya jiji kanuni zinageuka. Panda treni ya Antwerpen: ndani ya Brussels matangazo ni kwa lugha zote mbili, ukishaingia upande wa Wabelgiji wanaoongea Kiholanzi, Kifaransa kinazimwa. Huko usipige hodi kwa Kifaransa. Baadhi yao hawakipendi kwa sababu za siasa zao za siku nyingi, na Kiingereza wanakijua vizuri. Salimu, kisha endelea na Kiingereza bila aibu.

Kifaransa chenyewe nilianza kukipata kwenye shule ya jioni ya watu wazima. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na vyuo binafsi, ila nafasi hujaa mapema, kwa hiyo kajiandikishe kabla hata hujapata godoro. Darasani nilikaa na Mmoroko, Msiria na dada wa Kibrazili, na kwa kuwa hakuna kati yao aliyejua Kiingereza, tuliongeleshana Kifaransa kibovu wakati wa mapumziko. Hapo ndipo ulimi ulipofunguka, kuliko kwenye mazoezi ya kitabuni.

Wakati wa kuhama mwenye nyumba alikuja na mtu wake kukagua hali ya nyumba. Kule mnaikagua mkiingia na mkitoka, mnaandika, mnasaini. Akaonyesha doa la unyevu nyuma ya kabati akasema nimelisababisha mimi. Yule Mama wa Bukavu alikuwa kazini, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na Kifaransa changu. Nilimwambia doa lilikuwepo, lipo kwenye karatasi ya kuingilia, ukurasa wa pili, na picha hizi hapa zina tarehe. Vitenzi vilikuwa vimevunjika, lakini tarehe niliitamka barabara. Yule mkaguzi akafungua karatasi, akatikisa kichwa kukubali, akamwambia mwenzake asaini. Hela ya dhamana ilirudi yote kabla sijapanda ndege ya kurudi KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro.