Mama Funguo na wanaonawa mikono

Tangu Jumatano namjibu Mama Funguo. Namjibu nikiosha vyombo, namjibu kwenye foleni ya Morocco hapa Dar, na jana usiku nilimjibu kwa sauti hadi mzee wa nyumba akauliza naongea na nani. Majibu mengine ni mazuri kweli. Ila yamekuja wakati mwenyewe kashaondoka na ndoo yake.

Ni mama wa usafi wa ghorofa ya pili katika shule ya kimataifa ninayofanya kazi, mwenye funguo za madarasa yote, aliyewahi kunificha kwenye stoo ya mifagio siku mzazi mmoja alipokuwa ananisaka aniulize mwanawe amebakiza saa ngapi za huduma. Mtu wa Rufiji, makamo ya mama yangu mdogo. Kila asubuhi nampa shikamoo, ananiitikia "marahaba mwanangu" huku anaendelea kudeki. Jumatano hakuendelea kudeki. Aliegemea mpini wa mopu akasema:

"Mwalimu, mjukuu wangu jana kaja na habari. Kasema wanafunzi wenu wamemfundisha kunawa mikono."

Nikafurahi, masikini mimi. Nikasema eh, kumbe anasoma pale shule ya jirani? Hongera, mama.

"Nikamwuliza, kwani mimi sikukufundisha?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, au alicheka kwa jicho moja. Hapo ndipo sina hakika. Nikasema, "Unajua mama, watoto husikia zaidi kwa wageni." Akasema, "Haya, ahsanteni," akachovya mopu kwenye ndoo.

Hayo tu. Hakuna aliyegombana na mtu. Lakini hebu pimeni wenyewe: kila siku mimi ni mwanangu, siku hiyo nikawa Mwalimu. Na ile "ahsanteni" ilikuwa ya wengi. Mimi na akina nani? Mimi niliyekulia Muheza nikinawa kwa jivu sabuni ikiisha, nimewekwa kundi moja na watoto wanaoletwa shule na dereva? Wengine mtasema alikuwa anatania tu, mtu wa Pwani hakusemi bila utani. Nakubali nusu. Utani wa Pwani nimekulia ndani yake, na ndiyo maana najua pilipili inakaa wapi.

Jumanne ilikuwa tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, inayoadhimishwa tangu 2008. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa diploma walikwenda shule ya msingi ya serikali iliyo nyuma yetu, wakiwa na mabango, katoni za sabuni na madumu ya lita tano ya kutengenezea vibuyu chirizi. Unatoboa dumu, unalitundika kwenye fito iliyolazwa, unafunga kamba hadi kwenye kijiti cha chini, ukikanyaga kijiti dumu linainama na maji yanachirizika bila kushikwa. Kitu kizuri, na watoto walishindania kukanyaga. Wakaimbishwa wimbo wa siku ya kuzaliwa mara mbili ili sekunde 20 za kusugua zitimie. Wa pale waliimba vizuri kuliko wa kwetu. Picha zilipatikana.

(Wiki hii pia posa ya mdogo wangu ilikuja, siku ya Nyerere, mahari ikakubaliwa baada ya mjomba kununa mara moja tu, na mkataba wangu wa kazi umeongezwa miaka miwili. Hayo nitayaandika nikipata nafasi.)

Kazi yangu ni kusimamia huduma hizi za wanafunzi. Mfumo wetu wa masomo, IB (International Baccalaureate), ulioanzia Geneva mwaka 1968, unamtaka mwanafunzi, pamoja na masomo yake, afanye ubunifu, mazoezi na huduma kwa miezi 18. Hakuna alama. Lakini usipokamilisha, diploma huipati hata ukiwa na akili za kutisha. Zamani walikuwa wanahesabu saa, 150 kwa jumla. Siku hizi hawahesabu, ila wazazi hawajaambiwa, au wameambiwa wakakataa kusikia. Badala ya saa, mwanafunzi anaandika tafakari: nilifanya nini, nilijifunza nini, nilibadilika vipi. Na kabla ya kutenda kuna hatua ya uchunguzi. Ndiyo ya kwanza katika hatua tano, kisha maandalizi, kisha ndiyo utende.

Jumatano usiku niliitoa tena ile fomu yao. Penye uchunguzi wameandika kwamba kuhara ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi wadogo duniani, na kwamba kunawa kwa sabuni hupunguza maambukizi. Sentensi sahihi kabisa. Ila ni ya dunia nzima, haina habari yoyote ya shule ile. Nami ndiye ninayejua kuwa bomba la shule ile hutoa maji siku yakipenda. Mwalimu wao wa afya aliniambia tukiwa tumesimama chini ya mwembe. Jumanne vibuyu tulivijaza maji tuliyokwenda nayo kwenye basi. Alhamisi vitajazwa na nani? Na watoto, bila shaka, kila mmoja na kidumu chake kutoka nyumbani, kama tulivyokuwa tukifanya sisi na maji ya kumwagilia bustani na fagio la chelewa kila Jumatatu. Sisi hatukuandika tafakari. Tuliandikwa majina tukikosa.

Tena hii elimu ya mikono haikuingia nchini na basi letu. Mwaka 1973 redio iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima kama milioni mbili wakakaa vikundi kusikiliza, wakajadili, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Mama yake Mama Funguo alikuwa mmoja wao. Alinisimulia mwenyewe mwaka jana tulipokwama kwenye ngazi tukisubiri mvua ikatike: redio moja ya mbao, wanawake kwa wanaume wamekaa kwenye jamvi, mama yake hajui kusoma lakini ndiye aliyekuwa anawakumbusha wengine somo lililopita. Sasa mtu wa ukoo huo unamwambia watoto husikia zaidi kwa wageni.

Usiku huohuo nikafungua tafakari za kuidhinisha. Ya kwanza, ya kijana mmoja mpole tu, hana neno: "Nimejifunza kwamba kuna watoto ambao hawajawahi kuelezwa umuhimu wa sabuni." Mjukuu wa Mama Funguo! Yule ameelezwa umuhimu wa sabuni tangu akiwa tumboni. Nikaandika pembeni: "Ulimwuliza nani?" Asubuhi akajibu kwa kuuliza kama maoni yangu yatachelewesha kuidhinishwa kwake.

Nilikwenda kazini Ijumaa nikiwa nimefura namna hiyo.

Sasa Ijumaa ni siku ya shughuli za jioni. Saa tisa ikigonga watoto wanatawanyika: roboti huku, sataranji kule, wa kuogelea, wa yoga, na wale wanaoigiza Umoja wa Mataifa wakiwa ndani ya suti. Mwaka huu nimepigania pawe na klabu ya kusuka ukili wa mikeka, nikaipata, chumba cha mwisho ghorofa ya pili. Mwezeshaji wake anatoka Mbagala, akapiga simu gari limeharibika njiani. Nikaachiwa watoto wa miaka kumi na mbili hivi na beseni la miyaa iliyolowekwa. Mimi ukili naujua wa kuukalia. Niliwaambia waendelee walipoishia wiki iliyopita, wakaendelea, na kwa kweli kilichokuwa kinatoka mikononi mwao kilifaa kutagia kuku.

Mama Funguo akaja kufunga chumba. Akasimama mlangoni.

"Hii nini?"

"Ukili, mama."

"Ukili?"

Akaziweka funguo mezani, akavua viatu, akakaa chini akanyoosha miguu. Akachukua kazi ya binti mmoja wa Kikorea, akaiangalia, akaifumua yote bila kuomba radhi. "Chane hazilingani. Rudia." Binti hajui Kiswahili zaidi ya jambo na chakula, lakini alielewa. Wakasogea wote. Yule mtoto wa balozi anayesusa kila kitu, hata kuogelea, alikuwa ameinama karibu kabisa na magoti ya mama, ulimi nje, anahesabu kwa kifaransa. Akikosea, Mama Funguo anamgonga kidole kidogo tu, anarudi mwanzo. Sikuwahi kuona chumba kile kikiwa kimya namna ile, na sikufanya lolote, nilikaa tu kwenye kiti nikamsahau mwezeshaji, tafakari na bomba la maji. Basi la watoto lilipiga honi mara ya tatu ndipo wakainuka.

Akavaa viatu. Akawaangalia wanavyotoka wamebeba vipande vyao, akanigeukia.

"Kwani hawa kwao hawana bibi?"

Nilicheka hadi nikashika meza. Safari hii na yeye alicheka, kwa macho yote mawili. Kisha akasema, "Funga dirisha lile, mwanangu, mvua inakuja." Nikafunga.

Nimeshaandika barua ya kumwombea malipo ya mwezeshaji kwa saa ile, na nyingine zitakazofuata akikubali. Majibu ya kwanza nimeshayapata kwenye korido: yeye ni mwajiriwa wa kampuni ya usafi, si wetu, kwa hiyo hatuna fungu la kumlipa, na pili, hana cheti cha mafunzo ya ulinzi wa mtoto. Someni tena. Funguo za madarasa yote anazo miaka nenda miaka rudi, cheti cha kukaa na watoto hana. Mafunzo yenyewe ni ya asubuhi moja, yanafanyika kwetu, kwa Kiingereza. Jumatatu naingia ofisini kwa mhasibu na nimejipanga, maana majibu ya wiki nzima sijayatumia.

Jingine linalonikosesha usingizi ni LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Nilinunua ya elfu kumi Jumapili, hata nikitoa kodi ya jengo inayokatwa humo hesabu haikubali, na sasa mita inasoma uniti nne. Nashuku friji. Linanguruma usiku kucha bila kupumzika, na ule mpira wa mlango umelegea chini, nimeubana kwa kuegesha kiti. Mzee wa nyumba anasema ni pasi. Pasi gani, wakati wiki nzima nimevaa vitenge? Ningelichomoa usiku huu nione mita itafanyaje, lakini ndani kumejaa samaki wa posa, na dada mkubwa kesho anakuja kuchukua fungu lake.