Jinsi nilivyoupumzisha mkono wa kulia katika safari ya Nakuru hadi Kisumu

Kila nilipoendesha pikipiki kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho, mkono wangu wa kulia ulikufa ganzi kabla sijafika Ahero, kwa kuwa springi inayorudisha kishikio cha mafuta humlazimu dereva kukaza vidole muda wote. Glavu nene hazikunisaidia.

Tiba niliyoipata ni pete ya mpira, ile ambayo mafundi huiita oringi, ninayoisukuma iingie katika mwanya mwembamba kati ya kishikio na kile kizito cha chuma kilicho kwenye ncha ya usukani. Msuguano wake huzuia springi, hivyo mafuta hubaki pale nilipoyaweka nami naweza kunyoosha vidole kwa muda mfupi. Pete ya kwanza ilikuwa nene mno, na nilipoijaribu injini ikiwa imezimwa, kishikio kilihitaji nguvu nyingi kufunga, jambo ambalo barabarani lingeniua, nikaitupa. Nyembamba zaidi ilifaa, kwani naishinda kwa msukumo mdogo wa kiganja.

Kifaa hiki hushika kishikio, si mwendo: kupanda kuelekea Mau Summit pikipiki hupunguza kasi, na kwenye mteremko huongeza. Kwa hiyo nakitumia katika tambarare za Kano pekee, barabara ikiwa kavu na wazi, na naitoa pete mwanyani kabla ya matuta, sokoni na popote ninapoona ng'ombe kando ya lami.