Tipa la ekseli tatu la Technic: uzoefu wangu kuanzia tairi hadi jeki

Lori kubwa la LEGO Technic (vipande vya plastiki vya kuunganisha, vyenye gia na mota) huanzia kwenye tairi. Vitu vingine vyote unaweza kuvijenga kwa kipimo unachotaka, lakini tairi inakuja tayari, na ndiyo inayoamua ukubwa wa lori zima. Nilichagua tairi ya milimita 62.4 kwa 20. Tairi halisi ya tipa, ile ya 315/80 R22.5, ina kipenyo cha karibu milimita 1,076. Ukigawanya kwa 62.4 unapata 17.2, kwa hiyo kila kipimo cha lori halisi nilikigawanya kwa 17.2. Upana wa mita 2.5 ukawa milimita 145. Matundu ya Technic yamepangwa kila milimita 8, hivyo hiyo ni matundu 18. Nikashusha hadi 17, kwa sababu propela (ufito unaopeleka nguvu ya mota hadi ekseli), difu (gia zinazogawa nguvu hiyo kwa magurudumu ya kushoto na kulia) na mhimili wa ekseli ya mbele vyote vinakaa kwenye mstari wa kati, na upana wa namba shufwa hauna tundu la kati. Kusahau hilo, na kuchagua namba shufwa, hulazimisha watu kuvunja lori lililokwisha nusu.

Vipimo vingine: kutoka ekseli ya mbele hadi ya kwanza ya nyuma matundu 26, kati ya ekseli mbili za nyuma matundu 10, urefu wote matundu 58. Tairi ni 10, mbili mbele na nane nyuma. Vipande vyote vilifika kama 1,900, na lori tupu lina uzito wa karibu kilo 2.4.

Chesisi ni reli mbili, na kila reli ina tabaka mbili za boriti za matundu 15. Viungo vya tabaka la ndani visilingane na vya tabaka la nje. Vipishane kama fundi muashi anavyopishanisha tofali, angalau matundu 5 kutoka kiungo hadi kiungo. Kila baada ya matundu 8 hivi niliweka fremu ya 5x7 kama daraja kati ya reli, ikishikwa kwa pini za ubavuni na za juu pia. Pini za upande mmoja peke yake huacha reli zicheze. Kipimo changu ni hiki: shika pembe mbili za mshazari, sokota. Pembe ikishuka zaidi ya tundu moja, ongeza daraja. Chesisi inayosokotwa huziachanisha gia, na gia zikiachana zinaruka meno mlimani, hata kama mota ina nguvu za kutosha.

Sasa gia, na hapa ndipo lori linapofaulu au kufa. Nilitumia mota ya L ya Power Functions, mfumo wa umeme ulioanza 2007. Bila mzigo, kwa volti 9, inazunguka karibu mara 390 kwa dakika. Mota ya XL inazunguka 220 tu, lakini nguvu yake ya kuzungusha, ile ya mwisho kabla ya kukwama, ni zaidi ya mara mbili ya L. Wengi hukimbilia XL, wanapunguza kasi palepale kwenye mota, halafu wanapeleka nguvu yote nyuma kwa propela. Propela ya plastiki haiwezi. Ule ufito wenye umbo la msalaba unaanza kujisokota, na krosi (kiungo kinachoruhusu propela kukunja pembe) inapasuka kwenye masikio yake. Ukichomoa ufito wa matundu 12 uliobebeshwa hivyo, utaona kingo zake zimezunguka kama kamba, na hautapita tena vizuri kwenye gia yoyote.

Dawa yake ni kuacha propela izunguke haraka na kupunguza kasi mwishoni, kwenye ekseli yenyewe. Propela yangu inapita matundu 3 juu ya kitovu cha ekseli, ikibeba gia ya meno 12. Chini yake kuna gia ya meno 36, na hizo mbili zinakaa sawasawa kwenye umbali wa matundu 3. Hapo tumepunguza mara 3. Ufito mfupi wa ile gia ya 36 unabeba gia nyingine ya meno 12, ya pembe, inayosukuma difu ya meno 28: mara 2.33. Jumla ni mara 7, na propela inabeba sehemu moja tu ya saba ya nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye magurudumu. Gurudumu linazunguka kama mara 56 kwa dakika, na kila mzunguko ni milimita 196, kwa hiyo lori tupu linakwenda karibu sentimita 18 kwa sekunde. Kwa tipa, mwendo huo unapendeza. Angalia tu kwamba gia ya 36 inashuka milimita 19 chini ya kitovu cha ekseli, na nusu kipenyo cha tairi ni 31. Inabaki milimita 12 kutoka ardhini. Kokoto kubwa kuliko hiyo itagusa.

Kwa mzigo nilipiga hesabu hivi: lori na shehena kilo 3.2, mlima wa asilimia 20. Ukijumlisha msuguano wa tairi, magurudumu yanadai karibu newton-sentimita 26 za nguvu ya kuzungusha. Gawanya kwa 7, kisha hesabu kwamba gia zenyewe zinakula theluthi moja hivi, unabaki na zaidi kidogo ya 5 kwenye mota. L inakwama kwenye 18. Nafasi ipo.

Kila ekseli ijaribiwe peke yake kabla haijaingia kwenye chesisi. Zungusha ufito kwa vidole viwili, kisha achia. Uendelee kidogo wenyewe. Ukisimama papo hapo, mara nyingi shida ni bushi (vipete vinavyozuia ufito usiteleze) zilizobanwa mno kwenye boriti. Vuta bushi nyuma kwa unene wa ukucha, jaribu tena. Ungaunga mweupe karibu na gia maana yake meno yanasagana kwa pembe mbaya. Usiufute na kuendelea, tafuta boriti iliyohama. Kwenye tairi pacha za nyuma, weka nusu bushi tu kati ya tairi ya ndani na fremu. Kila tundu unaloongeza linarefusha ufito unaoning'inia, na lori likipakiwa magurudumu yanalala.

Ekseli mbili za nyuma ziko kwenye fremu moja inayobembea katikati, mbele ikipanda nyuma inashuka, tundu moja kila upande. Propela inaingia humo kwa krosi mbili. Fremu ikibembea, umbali kati ya krosi hizo unabadilika, kwa hiyo lazima ufito wa kati upate nafasi ya kuteleza nusu tundu ndani ya krosi mojawapo. Ukiubana pande zote mbili, utasukuma mota itoke mahali pake. Ukiuachia zaidi ya hapo, utachomoka kwenye kizingiti cha kwanza.

Mbele ni rahisi zaidi. Ekseli inabembea kwenye mhimili mmoja wa kati, na usukani unavutwa na mota ya servo, ambayo hurudi katikati yenyewe ukiachia. Cha kuangalia ni pini inayogeuzia gurudumu: iwe ndani ya rimu. Ikiwa nje, gurudumu linachora tao kila linapokata kona na kugonga madigadi.

Kwa umeme, kipokezi cha infraredi kina matokeo mawili (sehemu za kuchomeka mota), nami nahitaji matatu: mwendo, usukani, jeki. Zaidi ya hapo, jua kali linavuruga mawasiliano ya infraredi. Nikaweka SBrick, inayotumia Bluetooth na ina matokeo manne. Boksi la betri sita za AA limekaa nyuma ya kebini, katikati ya reli. Betri za kuchaji zinatoa volti 7.2 badala ya 9, hivyo tegemea mwendo kupungua kwa karibu moja ya tano.

Jeki ndiyo iliyonichukulia muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Jeki kubwa ya skrubu ina urefu wa matundu 11 ikiwa imefungwa na 16 ikifunguka. Nguvu ya kuinua bodi haitegemei jeki peke yake, inategemea mstari wake wa kusukuma unapita mbali kiasi gani na bawaba ya nyuma. Ukiilaza jeki karibu sambamba na chesisi, kitako chake matundu 18 mbele ya bawaba na tundu 1 chini, na kichwa matundu 7 mbele, mstari huo unapita tundu 0.6 tu kutoka kwenye bawaba. Bodi haiinuki, jeki inatoa mlio wa tik-tik kwa sababu klachi iliyomo ndani inajiachia, na mtu anadhani mota ni dhaifu. Mimi nilishusha kitako hadi matundu 4 chini ya bawaba, kichwa nikakiweka matundu 8 mbele na 1 juu, ndani ya sakafu ya bodi. Mstari ukaenda matundu 4.5 kutoka kwenye bawaba: mara saba ya nguvu, kwa jeki ileile. Bodi inainuka digrii 40. Mota ya M yenye gia 8 kwa 24 inatosha.

Jeki ziko mbili, na ufito mmoja unazizungusha zote. Kabla ya kuziunganisha, zifunge zote mbili hadi zilie, kisha zirudishe nusu mzunguko pamoja. Moja ikitangulia, bodi inapanda imepinda na kukwama njiani. Skrubu inashikilia bodi hata mota ikizimwa, lakini usiiache juu na mzigo usiku kucha. Boriti za sakafu zikipinda hazinyooki tena.