Usiku niliomwekea mjomba Restrepo

Mjomba wangu alipigana vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, ukoo mzima tunajua, ila kuiongelea hakuwahi. Ukimuuliza anakwambia tulienda tukarudi, basi.

Sasa mwaka 2012 nilikuwa kwake Dodoma nikamwekea kwenye laptopu ile dokumentari ya Restrepo, ya Tim Hetherington na Sebastian Junger, jamaa waliokaa na kikosi cha Wamarekani bonde la Korengal kule Afghanistan 2007 mpaka 2008. Haina msimuliaji wala jenerali wa kukuelezea ramani, ni wale vijana tu na milima na risasi. Kambi yao ya mlimani waliipa jina la tabibu wao Juan Restrepo, aliuawa miezi ya mwanzo tu, alikuwa na miaka 20. Nikaanza kumtafsiria kiingereza, akaniambia mjomba nyamaza, naona.

Na kweli alikuwa anaona kuliko mimi. Wanavyochimba usiku kujaza viroba mchanga akasema hao wakilala bila handaki asubuhi hawapo. Ikafika ile ya ng'ombe, ng'ombe wa wanakijiji alinasa kwenye seng'enge askari wakamuua wakamla, wazee wakaja kudai hela, mkubwa wa askari akakataa akasema atawapa mchele, maharage na sukari kwa uzito wa ng'ombe. Hapo mjomba alikasirika kabisa, akasema ng'ombe wa mtu halipwi mchele, hapo umeshapoteza kijiji kizima! Mimi naona alisema kweli maana Wamarekani wenyewe bonde lile waliliacha 2010.

Halafu ikaja operesheni ya Oktoba 2007, sajenti Rougle ameuawa na askari mwenzake anaambiwa palepale mlimani, analia kwa sauti kama mtoto. Mjomba akaniambia simamisha. Nikasimamisha. Akakaa weee, ndo akaanza, Lukaya kule Uganda, Machi 1979, wako kwenye barabara huku kinamasi na huku kinamasi, giza, roketi zinapita juu ya vichwa, watu wanakimbilia kwenye maji, na yeye anamwita rafiki yake wa Singida waliyetoka naye mafunzoni, anaita na haitikiwi. Akasema na mimi nililia hivyohivyo, na hakuna aliyenicheka. Shangazi alikuwa mlangoni na sinia la chai, miaka yote ile ya ndoa na ndo kwanza anayasikia.

Tulimalizia filamu saa saba usiku. Akauliza wapigapicha walipona? Nikamwambia Hetherington aliuawa Misrata, Libya, Aprili 2011. Akasema poleni sana, kama vile mimi ndo mfiwa. Akauliza tena kutoka Dodoma mpaka Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile ya Kagera, nauli ya basi shilingi ngapi, anataka akalitafute jina la yule wa Singida. Nikampigia simu rafiki yangu wa Bukoba usiku uleule, nikamwamsha.