Galaksi Inayopita Juu ya Mbagala

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki nzima hii kuna galaksi moja, yaani kundi kubwa mno la nyota, imekataa kunitoka kichwani. Wanaastronomia huiita NGC 3115. William Herschel aliiona kwa darubini yake mwaka 1787, na nuru yake husafiri zaidi ya miaka milioni 30 mpaka itufikie. Kilichonishika hasa ni hiki: katikati ya Aprili, mnamo saa tatu usiku, inapita karibu kabisa na utosi wa jiji letu la Dar es Salaam. Juu ya Kariakoo, juu ya Mbagala, juu ya kibaraza chako. Kwa macho matupu huioni, na isitoshe Aprili ni masika, mawingu tele. Lakini inapita.

Umbo lake ni kama punje ya adesi: duara bapa, katikati pamevimba. Sisi tunaiona kwa ubavu, basi kwenye picha hufanana na mtumbwi mwembamba wenye taa tumboni. Haina mikono iliyojipinda kama ya galaksi yetu. Nyota huzaliwa kutokana na gesi, na yenyewe gesi yake karibu yote imekwisha. Zilizobaki ni nyota kongwe, manjano kama mwanga wa chemli. Katikati lipo shimo jeusi, mahali penye mvutano mkali hata nuru haitoki, uzito wake ni wa jua letu mara bilioni 1 hivi. (Hapo akili yangu huomba ruhusa ikakae nje.)

Jumatano nilikwenda kumwona bibi mmoja wa mtaani kwetu, aliyefundisha shule ya Jumapili mpaka magoti yakagoma. Umeme ulikuwa umekatika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mtu asiye na kazi."

Alicheka, ila haukuwa utani. Nikamweleza habari za galaksi ile, kwamba imeacha kuzaa nyota tangu zamani na nuru yake bado inatufikia. Maneno ya kufariji siyajui sana, nadhani nilimchosha. Akauliza tu, "Ina jina?"

Nikamtajia.

"Hilo si jina, hiyo ni namba ya bajaji."

Njiani kurudi nikaifungua Zaburi ya 147 kwenye simu. Mstari wa 4 husema Mungu huihesabu idadi ya nyota, huzipa zote majina. Nimeusoma mara nyingi bila kuutazama wa 3 ulio juu yake, unaosema huwaponya waliopondeka moyo. Mtunzi hakuweka hata neno moja la kuunganisha. Ametoka kwenye jeraha akaingia kwenye nyota, kana kwamba ni chumba kimoja.

Sijawaambia jambo moja. Kabla sijaaga, nilimwomba amkumbuke dada yangu aliyelazwa. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa daftari la shule lililochakaa, kurasa zimejaa majina, mengine ya watoto aliowafundisha ambao sasa wana wajukuu. Huyasoma yote kila alfajiri, saa kumi. Akalisogeza kwenye mshumaa, akalamba ncha ya penseli.

"Jina lake kamili?"